Nyumba ya kaka imefutika kwenye seva

Uko hapo? Usinipigie, mama yuko chumba cha pili, atasikia.

Nimefuta nyumba ya kaka. Ile aliyoijenga kwenye gemu kabla hajafariki. Nimeifuta kwa mkono wangu.

Unakumbuka gemu lilivyokuwa linagandaganda? Nikaona tuachane na seva ya kukodi, ile mashine ya kampuni inayoliendesha mtandaoni, niliendeshe hapa nyumbani kwenye kompyuta yake. Nilijua nyumba imo humo humo, si ndiyo aliyojengea? Jumapili iliyopita nikaingia kwenye akaunti ya seva, nikabonyeza "sitisha". Wakaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Leo nimewasha, nakuta uwanja mtupu. Nyasi tu.

Nikawaandikia wenye seva. Fundi wao kajibu kwa adabu kabisa: "Kompyuta yako ilikuwa dirisha tu, dada. Vyote vilikaa kwetu, na ukisitisha tunafuta baada ya siku tano. Ulihifadhi nakala?"

Nakala. Shoga, mimi nakala ningeijulia wapi? Aliyekuwa anajua hayo tumemzika.

Siku tano zimeisha juzi. Juzi tu.

Unajua mama anavyotufokea kwa viatu humu ndani. Basi kaka kule kwenye gemu, mlangoni kwake, alibandika kibao: "Mama, kwangu ingia tu na viatu." Kila Jumapili namkalisha mama kwenye kompyuta, nampeleka mpaka kwenye ule mlango, anakisoma kwa sauti, anacheka kidogo, halafu anarudi kwenye kazi zake.

Leo Jumapili. Namsikia anatafuta miwani.