Ua Jeupe la Mama Keza

Mpendwa shoga yangu Mama Keza,

Sijui barua hii itakufikia wapi, ndiyo maana naiandika wazi, aisome yeyote. Huku Ujiji mvua zimeanza, na vile viua vyetu vya okidi vimechanua. Nimekukumbuka mpaka uji umeungulia jikoni.

Unakumbuka kitalu cha miche pale kambini? Mimi bibi shamba, mjuaji wa kila kitu. Wewe mkimbizi kutoka Burundi, mcheshi wa kunicheka kila nikijifanya najua. Watu wakirudi na kuni, tulibandua okidi zilizoota kwenye matawi kabla hazijaingia motoni, tukazifunga kwenye vigogo kwa kamba za mgomba. Vimea vidogo hivyo: jani moja, ua kama punje ya mchele, zambarau. Kisha siku moja likachanua jeupe.

Mimi huyo! "Hili ni jipya, Mama Keza! Halijaonekana popote!" Nilikwishajiona naitwa Dar kulielezea. Wewe ulilitazama tu, ukauliza polepole, "Kama ni jipya, basi si la ukoo wa haya mengine?"

Sikuelewa. Nilijua una binti, lakini ulisema macho yanamuuma, hatoki nje. Baadaye ndipo uliponieleza kwamba Keza alizaliwa na ualbino, kwamba majirani walisema huyo si wa ukoo wa baba yake, na baba mwenyewe akaamini, akahama nyumba.

Tukalipima. Wewe lenzi, mimi rula. Jani, sawa. Kivimbe chini ya jani, sawa. Ule mdomo wa ua wenye vinyweleo, unaotikisika hata mtu akipumua, sawa kabisa. Hata harufu ilikuwa ileile ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nikanuna.

"Basi tena. Si jipya. Ni hilihili, limekosa rangi tu."

"Tu?"

"Tu. Ukoo mmoja na haya mengine."

"Na si ugonjwa?"

"Ugonjwa gani, na limestawi hivi?"

"Ego," ukasema kwenu. Ndiyo. Machozi yakakutoka. "Basi liandike hivyohivyo."

Nikaandika kwenye ripoti ya kitalu: umbo jeupe, sawa na wenzake kwa kila kiungo, halina ugonjwa. Wakubwa walitaka kufuta hayo maneno ya mwisho, eti hayana haja. Nilikataa katakata.

Kesho yake ulimvisha Keza kofia pana, ukamshika mkono, ukampitisha mbele ya foleni ya maji mchana kweupe. "Mwaramutse," uliwaamkia mmoja mmoja. Baba yake alikuwa kwenye foleni. Akainamia ndoo yake. Hukumngoja.

Kisha mkapata nafasi ya kwenda nchi ya mbali, ukaondoka kabla sijakuzoea vya kutosha. Nakumiss, shoga. Kitalu hakipo tena, na hakuna wa kunicheka nikijitia mjuaji. Najiuliza Keza ana kimo gani sasa, na kama jua la huko linamhurumia.

Mwambie siku ile ya ua jeupe nilikosa sifa na safari ya Dar. Na katika yote niliyoyakosa maishani, hilo pekee namshukuru Mungu kulikosa.

Kaa salama, mama, na umbusu mtoto.

Ni mimi shoga yako,
Bibi shamba wa Ujiji