Simu Iliyomkataa Baba Neema

Jumanne

Bado nacheka peke yangu. Jana tukitoka Igoma, mume wangu aliinua simu ili ione uso wake ifunguke, huku gari linakwenda. Nusura amgonge bodaboda aliyebeba dagaa. Neema alikuwa kiti cha nyuma. Nikapiga kelele, yeye akasema, "Tulia, Mama Neema."

Sikutulia. Leo asubuhi alipokuwa anaoga, nikafungua simu yake kwa namba ya siri ninayoijua, nikafuta uso wake na alama za vidole alizosajili, nikaweka nywila ndefu.

Jioni karudi amenuna. "Simu imenikataa kutwa nzima!"

"Labda imekuchoka."

Nikamwandikia nywila yenyewe: egeshagarikwanzamumewangu.

Akaisoma mara mbili. Niliogopa atafoka.

"Yote herufi ndogo?" akauliza.