Musyi ni Kola

Jumanne, 6 Novemba 2001
Taarifa kwa wananchi wote wa Wilaya ya Machakos: jioni hii mwalimu wenu amemsuka binti yake nywele, peke yake, bila msaada wa serikali. Mistari minne! Mmoja ulianzia sikioni ukapotelea kisogoni, haujaonekana tena. Nthambi alijitazama kwenye kioo, akauliza: kesho anaweza kuvaa kofia shuleni? Miaka minane tu, lakini ana adabu.
Mama yake, Ndinda, angecheka mpaka akae chini. Mwaka wa pili huu yuko Uingereza, anatunza wazee. Desemba anakuja — alisema.

Alhamisi, 8 Novemba
Zuleha, mke wa Yahya mwenye duka, amemfumua mtoto bila hata kuniuliza. "Mwalimu, wewe shika chaki tu. Kichwa cha msichana si ubao!" Duka zima kicheko. Hata mimi.
Chakula: isyo. Maharagwe yaliiva, mahindi yakakataa. Tumetafuna kimya kama ng'ombe wawili.
Kitandani bado nalala upande wangu. Ule mwingine naweka madaftari ya kusahihisha.

Jumamosi, 10 Novemba
Tumeshinda Kola, musyi, nyumbani kwetu hasa. Miaka kumi na tisa tumepanga hapa mjini, nyuma ya duka la Yahya, na Ndinda hajawahi kupaita hapa musyi. Hapa ni kwa nyumba tu. Musyi ni kule tulikozika wazee, tunakopanda mahindi. Siku moja niliteleza ulimi, nikasema turudi musyi, kumbe namaanisha hapa. Weh! "Baba Nthambi, kitovu chako kilizikwa kwa Yahya?" Alinitania mwezi mzima.
Mvua imeshika. Nimeupaka mlango wa Kola rangi ya kijani, kama alivyotaka. Suruali nayo nimeipaka.

Jumapili, 11 Novemba
Ndinda hutupigia dukani kwa Yahya, sisi tukitoka kanisani. Leo amepiga. Nimemwambia Nthambi laini ilikatika. Yahya naye nimemwambia hivyo hivyo, akaizaba simu kofi.
Haikukatika.
Ilikuwa hivi. Ndinda alikuwa ametoka kazi ya usiku, sauti nyepesi, ya furaha. Nikamuuliza mbona leo amechelewa. Akajibu kwa Kikamba, bila kufikiri: basi lilikawia kwa sababu ya baridi, ndiyo kwanza amefika musyi.
Musyi!
Nikangoja ajisahihishe. Nikangoja ajicheke. Hakujua hata amesema nini. Akaendelea — amenunua mapazia, jirani yake amempa ua la chungu. Halafu akavuta pumzi: "Sasa, baba Nthambi, hiyo maneno ya Desemba..."
Nikaweka simu chini. Mimi mwenyewe. Polepole, kama mtu anayeweka yai. Nthambi alikuwa amenyoosha mkono, akingoja zamu yake.
Nimerudi ndani, nimejifanya nina kazi ya kuandika. Ndiyo hii.
Yahya anaita dirishani: "Mwalimu! Mama Nthambi tena! Laini imepona!"
Nthambi ametoka mbio na kiatu kimoja. Ukuta huu ni mwembamba, namsikia vizuri. Anamweleza mama yake habari ya mlango, jinsi ulivyo kijani, jinsi baba alivyojipaka matakoni. Anacheka.
Sasa anamuuliza atafika Desemba tarehe ngapi. Anasikiliza.