Picha ya Kifua ya Mama Osmunda

Ruhuwiko, Jumamosi

Na kosa ni langu mwenyewe. Niliwaambia nyumbani kwamba huko ng'ambo ninakosoma nimepata kazi ya jioni hospitalini. Sikusema napiga deki. Mama akanitangaza kwenye jumuiya yetu ya kanisani kuwa nimekuwa daktari.

Leo, nikiwa likizo, jirani yetu Mama Osmunda kaja na picha ya eksirei ya kifua chake. "Mwanangu, nisomee." Mimi nasomea uhasibu! Na Mama amesimama pale, anatabasamu.

Nikaiinua dirishani. Nikaona mbavu, basi. Nikamwambia taratibu arudi kwa daktari wake.

Machozi yakamtoka. Kadhani nimeona ugonjwa mbaya, nashindwa kumwambia.

Sasa jumuiya wako kwake, wanamsalia rozari. Nawasikia. Neno moja tu, “deki”, lingetosha, lakini Mama ndiye anayeongoza sala.