Fungu la Asiye na Mtu

Kwa dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na uzigawe kwa wote walio hapo nyumbani, ukianzia na shemeji na goti lake lile linalotabiri mvua kuliko redio. Natumai hamjambo. Mimi ukiniuliza nitasema sijambo, maana ndivyo barua zinavyotaka, lakini ukifika mwisho utaona kuwa sijambo hiyo ni ya mdomoni tu. Tafadhali usiruke mistari. Nakujua wewe kwa kuruka mistari.

Najua bado umeninunia. Mwanao alipopata kazi kwenye kiwanda cha mikate huku, ulinipigia simu kwamba atafikia kwangu mpaka ajiweze, nami nikakukatalia. Ukaniuliza hicho chumba kimejaa nini, nikajibu kimejaa mimi. Ukakata simu. Baadaye nikasikia umewaambia watu kwamba moyo wangu umegeuka jiwe, kwamba mimi niliyelelewa mgongoni mwako leo ninamnyima mwanao pembe ya kulala. Nilimeza yote. Leo nakuandikia kwa sababu kile kilichonifunga mdomo kimekwisha, na kimekwisha vibaya.

Mkono wangu unaukumbuka. Ile mashine ya kupigia pasi mashuka iliponibana na mvuke ukanichoma kutoka vidoleni hadi kiwiko, kule hotelini walinipa pole na kunifukuza kazi, vyote siku moja. Nikahangaika mpaka mtu akanielekeza ofisi ya ustawi wa jamii. Wana fungu kule kwa ajili ya mtu mwenye kipato kidogo anayeishi bila wa kumtegemea. Kwa lugha ya ofisi lina jina refu la kukata pumzi; sisi hapa uani tunaliita fungu la asiye na mtu. Sitakuwa mtovu wa fadhila, dada. Fungu lile liliniokoa. Lililipa kodi ya chumba, likaninunulia dawa ya mkono, na kuna wakati nilikula kwa sababu yake na si kwa sababu nyingine. Mtu akilitukana mbele yangu namwambia anyamaze, huyo hajalala na njaa.

Lakini lina sharti. Lazima uwe peke yako kweli. Akionekana mtu mwenye kazi analala chini ya paa lako, hata kama kazi yenyewe ni kuokota chupa, wao wanahesabu kwamba umepata wa kukusaidia, na fungu linakatwa. Hawaulizi huyo mtu anapata nini wala kama kinatosha. Mwanao angekuja na kazi yake ya mikate, ningemkaribisha yeye kwa mlango huu na kuliaga fungu kwa mlango uleule. Na mshahara wake wa kuanzia wewe mwenyewe ulinilalamikia kwamba hauvuki nauli na sabuni. Ningekueleza haya kwenye simu, lakini simu yangu haishiki mtandao ila uani, na uani kuna masikio.

Kuna mkaguzi anayepita kutuangalia. Jina lake silijui. Tunamwita Bwana Vijiko. Akiingia ndani haanzi na kitanda wala viatu, anakwenda moja kwa moja kwenye vyombo na kuhesabu vijiko. Huwa anasema mtu anaweza kumficha mume akasahau kijiko chake. Si mtu mbaya. Anabisha hodi, anavua kofia, anauliza mkono unaendeleaje. Ila siku yake ikikaribia ungekuwepo ungecheka: vijiko vinazikwa kwenye debe la unga, na waume wa ua mzima wanakumbuka ghafla kuwa wana safari. Jirani yangu, Mama Pacha, safari moja alisahau kumtoa wake, ikabidi mwanamume wa watu ajifungie bafuni mpaka Bwana Vijiko amalize chai, na siku hiyo Bwana Vijiko akaomba kikombe cha pili. Mama Pacha husema serikali ina wivu kuliko mke mwenza.

Basi nikazoea kukaa peke yangu kama wengine wanavyozoea kwenda kazini. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Mimi huyu mliyenibandika jina la Chiriku kwa kusema sana, nikawa napitisha siku nzima sijatamka neno ila kumjibu muuza maji. Jioni nawasikia wenzangu wakigombana na waume zao kupitia ukuta, na wallahi dada, niliwaonea wivu hata huo ugomvi.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa akikaa fundi wa miamvuli. Niliwahi kukutajia, ukanitania, nikasema ni mtu wa salamu tu. Masika alikuwa hana nafasi hata ya kujikuna. Kiangazi anashona zipu za mabegi, na mara nyingi anarudi mikono mitupu huku akipiga mluzi ili tusijue. Mfupi, mcheshi, mwenye kikohozi ambacho hakuwahi kukipeleka popote. Siku moja aliniletea shati nimpigie pasi. Unaijua pasi yangu hata kwa mkono huu mbovu: mstari ninaouweka begani mtu anauona kutoka ng'ambo ya barabara. Alipotoka nalo uani, kila mwanamke alimwuliza amepigiwa na nani. Tangu hapo nikawa nayapiga pasi mashati yake, kisha nayakunjakunja kidogo kabla hajayavaa, yasinitoe siri. Ilinichoma moyo kuiharibu kazi yangu mwenyewe, na yeye alikuwa akiniomba radhi kila mara kana kwamba kosa ni lake.

Sasa kaa kitako, dada, kama umesimama. Niliolewa. Yule fundi alikuwa mume wangu, na si wa jana. Ndoa ilifungwa sebuleni kwa kinyozi rafiki yake. Mashahidi walikuwa kinyozi na mkewe, na mzee aliyetufungisha alikuwa na haraka zake. Hukualikwa wewe, wala hakualikwa kaka yake mume wangu, kwa sababu neno likishatoka halina mlango wa kurudia. Tulipiga hesabu zetu tukaona ndoa ikijulikana fungu litakatwa, na kwa miamvuli peke yake, kiangazi kingetukuta njiani na vyombo vyetu. Tukakubaliana kila mtu abaki chumbani kwake mpaka kazi yake ya miamvuli isimame imara. Tulikula pamoja kwake, kwenye sahani moja, kisha narudi kwangu kabla ua haujatulia. Alikuwa akijitania kwamba yeye ndiye mwanamume pekee duniani aliyeoa akabaki kuwa jirani. Nilicheka, dada. Mpaka aibu inanishika kwa jinsi nilivyokuwa nikicheka.

Kikohozi kile hatimaye kilimwangusha. Ilikuwa asubuhi, yuko mlangoni anafunga miamvuli yake kamba, akakaa chini na hakuweza kuinuka. Mume wa Mama Pacha akamkimbiza hospitali. Mimi nikabaki nyuma makusudi ili tusionekane tunaongozana, nikapiga pasi shati safi, nikamfuata kwa miguu. Nilipofika mlango wa wodi, muuguzi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani.

Hakuna aliyenilazimisha. Muuguzi yule si mtu wa ofisi ya ustawi, hanijui, asingeniuliza habari ya vijiko. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuota mizizi mdomoni, likatoka lenyewe. Akanieleza kwa upole kwamba kwa hali ya mgonjwa wanaruhusiwa ndugu wa karibu tu, majirani wasubiri saa ya kutazama wagonjwa. Nikakaa kwenye benchi la nje, shati mapajani. Mara kadhaa niliinuka nikamwambie ukweli, nikakaa tena. Nilijiambia atanionaje, mwanamke anayejigeuza kuwa mke katikati ya siku. Nilijiambia saa ya kutazama wagonjwa haiko mbali, nitaingia na wenzangu. Nikawa najituliza hivyo, mjinga mimi, huku mume wangu yuko nyuma ya ukuta.

Muuguzi alitoka mwenyewe kunitafuta. Alinikuta palepale, akakaa kando yangu, akaniambia jirani yangu hatunaye tena. Kisha akaniuliza kama nina namba ya ndugu yake yeyote, nikampa ya kaka yake. Alipokuwa anainuka akasema kuna jambo linamsumbua: mgonjwa alikuwa akimwulizia mkewe, kwamba amefika wapi, nao wakadhani ni homa, maana waliambiwa na watu wa uani kwake kuwa hana mke. Akaniuliza kama mimi namjua huyo mke. Nikamjibu kwamba namjua, na kwamba habari nitampelekea mimi.

Mazishini nilisimama nyuma na wanawake wa uani. Kaka yake, mtu mwenye adabu zake, alitushukuru majirani kwa kumtunza nduguye aliyeishi na kufa mpweke. Wenzangu waliitikia, nami nikaitikia. Kesho yake alikuja kufungasha vitu vya marehemu, akaulizia nani anajua pasi hapa, wakamwonyesha kwangu. Akaniletea mashati yote, anataka kuwagawia wenye shida yakiwa safi. Niliyapiga, dada, moja baada ya jingine, na safari hii sikuyakunja. Kaka mtu aliyatazama akasema hajaona pasi kama hiyo, akanilipa ujira wangu. Nikapokea, kwa kuwa sikujua nikatae kwa sababu gani. Ungekuwepo ungemwambia. Wewe huogopi mtu.

Watu wananiona kimya, wanadhani mkono unaniuma. Hakuna aliyenipa pole, ila ile ya kupitisha, ya kufiwa na jirani: pole, alikuwa mtu mwema, miamvuli yetu sasa nani ataitengeneza.

Juzi akaja Bwana Vijiko. Akavua kofia, akaulizia mkono, akakiona kijiko kimoja kimekaa mahali pake. Kisha akaniuliza swali lake la siku zote, ninaishi na nani. Nimemdanganya mtu huyu mara nyingi macho makavu. Juzi nikamwambia peke yangu, na ndiyo mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa nasema kweli. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema vizuri, fungu litaendelea. Alikuwa ananitakia heri, masikini. Nimekaa hapa nawaza: msaada unaotaka kwanza uthibitishe kwamba huna mtu, unakuinua au unakufuga? Sina elimu ya kulijibu. Najua tu kwamba ulinilisha, na kwamba kwa ajili yake nilimkana mume wangu mlangoni pake.

Mwambie mwanao aje. Kijiko chake nitakinunua kabla hajafika, na ofisini nitakwenda mwenyewe nikawaambie ninaye mtu, wakate wanavyotaka kukata. Kwa mikate yake na pasi yangu ya mkono mmoja tutasukuma, na tukishindwa, tutashindwa tukiwa wawili. Asijali kelele. Nimekaa kimya muda mrefu, atanikuta na maneno mengi.

Nisalimie shemeji, wasalimie na wapwa zangu wote, na Mungu awaweke. Sina kingine cha kukuomba ila kimoja. Niliahidi pale hospitalini kwamba habari nitaifikisha kwa mkewe, na tangu siku ile sijaweza hata kujitamkia. Basi niambie wewe, dada. Niandikie uniite mjane, unipe pole yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku