Kisanduku cha Sahihi ya Mama Okeyo

Alhamisi, Homa Bay. Joto la kuudhi. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, hayanyeshi na hayaondoki.

Leo nimepigiwa makofi darasani. Nayaandika haya hapa kwa sababu blogu hii ina wasomaji kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi, mara kwa simu na mara kwa kompyuta ya maktaba.

Mhadhiri wetu wa habari za redio alituwekea rekodi ya kazi niliyofanya nikiwa atachi, ile miezi mitatu ambayo chuo hututuma tukajifunze kazi kwa wenyewe. Mimi nilikuwa kituo kimoja kidogo cha redio kule Migori. Darasa zima lilisikiliza. Kisha sauti ya mama mmoja akilia ikajaa chumba, sekunde kumi na mbili, na ilipokwisha wenzangu wakapiga makofi. Mhadhiri akasema, "Hiyo ndiyo redio. Achieng' amewaletea mtu, nyinyi mnaniletea taarifa za chifu."

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu kabisa.

Baada ya kipindi akaniita, akanipa fomu. Anataka kuipeleka kazi hiyo kwenye mashindano ya vyuo. Fomu ina ukurasa mmoja tu, na chini kabisa kuna kisanduku: sahihi ya aliyerekodiwa, kuonyesha kwamba amekubali. Nikamwambia yule mama hakuwahi kuulizwa kitu. Akaniangalia hivi, kama nimemuuliza kama kesho jua litatoka. "Weka wewe. Nani ataenda mpaka Rusinga kumuuliza?"

Huyu ndiye aliyetufundisha maadili ya uanahabari mwaka wa pili. Nilipata A. Karatasi bado ninayo, Mama aliiweka kwenye fremu.

Sasa wacha niseme kilichotokea, maana darasani hakuna aliyeuliza.

Siku ile shimo la dhahabu liliporomoka Masara, mhariri alinituma kwa sababu wengine wote walikuwa wametoka. Vijana watatu walikuwa chini. Wawili walitolewa wakiwa hai. Wa tatu, Okeyo, alitolewa mwisho, na nilipoona wanamfunika na koti sikuhitaji kuuliza. Rafiki yake alikuwa ameketi juu ya mchanga, akaniambia Okeyo ni wa kisiwa cha Rusinga na mamake yuko hai. Nikaomba namba ya mama huyo. Akanipa. Nadhani aliamini watu wa redio wanajua nani ameshaambiwa.

Nikapigia mhariri. Hakusema pole. Alisema, "Saa saba inakaribia. Leta sauti ya familia kabla wale wengine hawajaileta." Wale wengine ni kituo cha pili pale mjini.

Kwetu mama hapigiwi simu kuambiwa habari ya kifo. Najua, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba najua. Baba alipofariki niliona kwa macho yangu. Wazee waliambiwa kwanza, wakaja mmoja mmoja kana kwamba wanapita tu. Mke wa mchungaji akaingia jikoni akazima moto chini ya sufuria. Mama alikalishwa, akashikwa mikono huku na huku, ndipo akaambiwa. Kijiji kizima kilikuwa kinajua tangu asubuhi, yeye akajua wa mwisho, ili asijue akiwa peke yake.

Mimi nilihesabu kama mtu wa kuja. Nikasema kila mtu Masara anajua, mitandao inajua, basi mama naye anajua. Kumbe hesabu ya kwetu iko kinyume. Watu wote wakishajua, ujue mama bado. Saa ile ami zake Okeyo walikuwa Mbita, ng'ambo ya kisiwa, wanamngojea mchungaji wao wavuke pamoja.

Nilianza kurekodi kabla hajapokea. Ndivyo tulivyofundishwa kituoni, rekodi kwanza, maswali baadaye.

Tuliongea Kijaluo. Alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, akaniomba nisubiri afute mikono. Alipoisikia sauti ya msichana anayemtaja Okeyo, akacheka. Akasema, "Ni wewe? Yule Okeyo alisema atamleta Desemba?" Akaniuliza kwetu ni wapi, akaniuliza kama nakula vizuri huko Migori, kwa sababu Okeyo mwenyewe hali. Zilikuwa kama sekunde arobaini. Nikamkatiza. Nikasema, "Mama, pole sana kwa yaliyotokea."

"Yapi, nyathina?"

Nyathina ni mwanangu. Aliniita mwanangu.

Hapo ningeweza kukata. Ningeweza kudanganya, kusema nimekosea namba. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka na saa saba ilikuwa inakuja, nikamwambia. Peke yake, uani, na omena mikononi. Nilisubiri alie sekunde za kutosha, halafu nikakata simu.

Taarifa ya habari ya saa saba ilianza na sauti ile. Nilikuwa na furaha, siwezi kuwaficha nyinyi kumi na mmoja. Niliisikiliza mara tatu na nikawatumia wenzangu. Mhariri akaniambia nina kipaji. Zile sekunde arobaini za kicheko alizikata, akasema hazina habari.

Jana ndipo nilipomwambia Mama. Miezi yote hiyo nilikuwa nazunguka tu. Nilidhani atanitetea, mimi ni mtoto wake na nilikuwa kazini. Alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Achieng', mtu anayepeleka habari ya kifo huketi. Analala hapo, anachota maji, anapika. Wewe ulipeleka, ukakata." Akaniaga kwa adabu, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angenifokea.

Kwa hiyo leo, walipopiga makofi, mimi nilikuwa nasikia neno moja tu. Ukakata.

Fomu iko mezani mbele yangu. Inatakiwa Jumatatu. Nimeshajaribu sahihi hiyo mara mbili nyuma ya daftari, nasema ukweli, herufi za mtu mzima asiyeandika mara kwa mara, na imetoka vizuri sana. Kuwadanganya watu kumbe ni somo ambalo silihitajii mhadhiri. Nimechana ukurasa ule, kisha nikaichana fomu pia. Mhadhiri atasema sina moyo wa kazi. Labda atanipa D, labda ataniambia nirudie. Mwache.

Ile rekodi nzima sijaifuta. Nilitaka, kidole kilikuwa hapo. Lakini ndani yake kuna mahali pekee duniani ambapo Mama Okeyo bado anacheka akimngoja mkamwana, na sioni kama ni yangu kufuta.

Kesho kutwa ni Sabato, atakuwa kanisani. Nitaenda Jumapili. Nitavuka Mbita niingie Rusinga, nitauliza boma. Simu itabaki hapa chumbani. Nikifika langoni nitasema jina langu lote, niseme mimi ndiye yule msichana aliyepiga, na sikuwa wa Okeyo, nilikuwa wa redio. Kama atataka kusikia sauti ile nitamwambia ipo. Kama hataki, nitachota maji.

Akinifukuza, nitajua la kufanya, nitarudi nilikotoka.

Akinipa kiti je?