Tangi Limekaa Bondeni

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni hapa ofisini. Maji yamezidi unga.

Lile tangi la mradi nililokwambia, la kukaa kilimani ili maji yateremke yenyewe hadi majumbani? Nimeliweka bondeni. BONDENI! Mimi na akili zangu timamu!

Nilichora yote kwenye kompyuta nikitazama ramani kwa juu, ikiwa bapa. Ukiitazama hivyo, kilima na shimo vinafanana, mistari ya mwinuko ni duara ndani ya duara tu. Namba za urefu nilizizima mwenyewe, eti ramani ipendeze.

Leo mbele ya wateja bosi akasema, "Hebu igeuze tuione kwa 3D." Nikageuza. Tangi hilo, chini kabisa ya shimo. Nikazungusha huku, nikazungusha kule, utadhani kilima kitajitokeza. Bondeni tu!

Bosi hata hakufoka. Aliuliza polepole, "Zege limeshamwagwa?"

Limemwagwa Jumanne.

Na kinachoniua ni hiki: Jumanne hiyohiyo fundi mkuu alinipigia. "Dada, mbona huku ni bondeni?" Nikamjibu, "Wewe fuata ramani."

Ameitwa aje kujieleza. Namsikia hapo nje ya mlango, anamwambia bosi, "Mimi nilifuata ramani."